Kisukari, Kumbukumbu na Miguu Tunayoidharau

Muulize mwanachuo yeyote kwa nini mgonjwa wa kisukari anaambiwa afanye mazoezi. Jibu litakuja haraka: apunguze mwili, sukari ishuke, presha itulie. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu tu. Nusu nyingine hatuisikii sana, si kliniki, si darasani, wala vijiweni: kisukari kinagusa ubongo, na kuutumia mwili ni mojawapo ya njia chache tulizonazo za kuulinda.

Naandika kama mtoto wa Mikumi, wilaya ya Kilosa, na hoja yangu ni hii. Sisi tuliotoka vijijini na miji midogo kuja chuo tumejifunza kudharau kutembea. Dharau hiyo inatugharimu wenyewe, na inawagharimu zaidi wazee wetu tuliowaacha nyumbani, hasa wenye kisukari, kwa sababu sisi ndio wanaotusikiliza wanapotaka kujua maisha mazuri yanafananaje. Mazoezi kwa mwenye kisukari tusiyahubiri kama habari ya kitambi. Tuyahubiri kama habari ya akili. Mwanachuo anajua thamani ya kichwa kinachofanya kazi. Hebu tuanzie hapo.

Sukari inavyofika kichwani

Ubongo ni mlafi. Kwa uzito ni kama asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote, na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani ile ile sukari ya kwenye damu. Kiungo kinachotegemea sukari kiasi hicho hakiwezi kukaa salama pale mwili unaposhindwa kuiongoza.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu kuta za mishipa midogo ya damu. Hilo tunalijua, ndiyo maana wagonjwa wanaambiwa wapime macho, figo na miguu. Ubongo nao umejaa mishipa midogo ya aina hiyo hiyo. Tena insulini haina kazi kwenye misuli na ini peke yake. Ina kazi yake ubongoni pia, ikiwemo kwenye kujifunza na kukumbuka. Mwili unapofika mahali pa kutoisikia insulini vizuri, kama inavyotokea kwenye kisukari aina ya pili, ubongo hauko pembeni ukiangalia tu.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Sukari ikishuka mno, labda mgonjwa amechoma insulini halafu hakula, ubongo unakosa chakula pale pale. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka. Majirani wanaweza kudhani amelewa. Ikizidi, anapoteza fahamu.

Kwa muda mrefu, picha inayotokea kwenye tafiti nyingi ni kwamba mtu mwenye kisukari aina ya pili ana hatari ya kupata dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, takriban mara moja na nusu kuliko asiye na kisukari. Kabla ya kufika huko kuna mambo madogo madogo: kufikiri kunakuwa kwa polepole, kupanga shughuli kunasumbua, jambo la jana linatafutwa kama funguo iliyopotea. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la The Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia na yanayoweza kurekebishwa. Ilikadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huo duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kisukari kimo kwenye orodha hiyo. Kutoushughulisha mwili kumo pia.

Na tusijidanganye kwamba dimenshia ni ugonjwa wa Wazungu wanaoishi sana. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta dimenshia kwa watu wapatao 6 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Hao ni babu na bibi zetu. Wengi wao nyumbani tunasema tu “uzee umeingia” na maisha yanaendelea.

Ugonjwa unaohitaji kichwa

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Kisukari ni ugonjwa unaohitaji akili kuuhudumia. Daktari unamwona mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi miwili. Siku nyingine zote mgonjwa ndiye daktari, ndiye nesi, ndiye mpishi. Akumbuke kidonge cha asubuhi na cha jioni. Akumbuke tarehe ya kliniki. Akumbuke kama alishachoma sindano au bado. Akague miguu, maana kidonda kidogo alichokosa kukisikia kinaweza kumpeleka kwenye kukatwa. Sasa kichwa kikianza kuyumba, dawa zinasahaulika. Dawa zikisahaulika, sukari inapanda. Sukari ikipanda, kichwa kinayumba zaidi. Mduara huo ukishaanza kuzunguka, kuusimamisha ni kazi kweli kweli.

Nimeuona kwa mama yangu mkubwa pale Mikumi. Ni mfanyabiashara wa sokoni, mtu aliyekuwa anajua madeni ya wateja wake wote bila kuandika popote. Kisukari amekuwa nacho miaka kadhaa. Kilichotushtua haikuwa sukari. Ni siku alipoanza kumeza vidonge vya jioni mara mbili na kuruka vya asubuhi, na kumdai mteja deni ambalo lilishalipwa. Ndugu wengine walisema ni umri. Wengine walianza kunong'ona habari za kurogwa kwa sababu ya biashara. Hakuna aliyesema “huenda ni kisukari,” kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua kwamba kisukari kinafika huko. Hilo ndilo linaloniuma. Elimu ipo, imeandikwa, ila haijapanda basi kufika kwetu.

Misuli inafanya nini

Sasa mazoezi yanaingilia wapi? Kwanza, kwenye sukari yenyewe. Msuli unapofanya kazi unaivuta sukari kutoka kwenye damu kupitia mlango wake, bila kusubiri insulini iufungulie. Na baada ya zoezi, mwili unaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24, hata kufikia 72. Ndiyo maana wagonjwa wa kisukari aina ya pili wanashauriwa wasiache siku mbili mfululizo zipite bila kuushughulisha mwili. Si kwa ajili ya nidhamu ya kijeshi. Ni kwa sababu faida yenyewe inaisha muda wake, kama bando.

Pili, kwenye ubongo. Moyo unapodunda vizuri, damu inafika kichwani vizuri. Mazoezi pia yanaongeza protini inayoitwa BDNF, inayosaidia seli za ubongo kuishi, kukua na kuunganika. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima. Kundi moja lilikuwa likitembea kwa kasi mara tatu kwa wiki, lingine likinyoosha viungo tu. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, iliongezeka kama asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa waliokuwa wakinyoosha viungo ilipungua kama asilimia 1.4, jinsi umri unavyofanya kawaida. Si kukimbia, si kunyanyua vyuma. Kutembea.

Mtu makini atauliza: hao walikuwa wagonjwa wa kisukari? Hapana, halikuwa kundi la wagonjwa wa kisukari. Na hapa lazima tuwe wakweli, maana sisi ni watu wa chuo, hatuuzi dawa za asili stendi. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, unaoitwa LIFE, ulichukua watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 waliokuwa hawajishughulishi. Baada ya miaka miwili, kwa ujumla waliofanya mazoezi hawakuwa na akili kali kuliko waliopewa semina za afya. Hayo yalichapishwa mwaka 2015. Lakini watafiti walipowaangalia peke yao wale wenye kisukari, kwenye uchambuzi wa mwaka 2017, waliofanya mazoezi walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya uwezo wa akili kwa ujumla na vya kukumbuka jambo baada ya muda kupita. Yaani waliofaidika ni wale wale waliokuwa kwenye hatari zaidi. Upande mwingine upo utafiti wa Look AHEAD, uliowahusisha zaidi ya watu 5,000 wenye kisukari aina ya pili na uzito uliozidi, baadhi yao wakapewa programu kali ya chakula na mazoezi. Huo haukuonyesha kinga ya wazi dhidi ya kudhoofika kwa akili kwa wote kwa ujumla.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kukimbia kunaponya dimenshia, anakuuzia maneno. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi ya hapo, na kinasimama. Kwamba mazoezi yanashusha sukari, hilo halina ubishi. Yanasaidia presha, hilo nalo halina ubishi. Vyote viwili ni adui wa mishipa ya ubongo. Na zipo dalili nzuri kwamba ubongo wa mwenye kisukari unafaidika moja kwa moja. Bei yake ni muda na jozi ya viatu. Kwa dau la namna hiyo, mimi naweka.

Kutoka Morogoro kwenda mjini

Kuna utafiti mmoja ambao natamani kila mwaka wa kwanza angesomewa siku ya kuripoti. Watafiti waliwafuata watu waliokuwa wanahama kutoka Morogoro Vijijini, majirani zetu sisi wa Kilosa, kwenda kuishi Dar es Salaam. Walikuwa wanaume 103 na wanawake 106. Waliwapima kabla ya kuondoka, kisha wakawafuata mjini kwa mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Walipokuwa kijijini, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa na shughuli za kutumia nguvu. Baada ya mwaka mmoja wa Dar, walibaki kama 3 kati ya 10 tu: asilimia 79.4 ilishuka mpaka 26.5. Kwa wanawake ilitoka asilimia 37.8 mpaka 15.6. Na uzito uliongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wastani, wanaume kwa wanawake.

Mwaka mmoja tu! Hawakuzeeka, hawakurithi ugonjwa mpya. Walibadilisha anwani.

Sasa jiangalie. Wewe uliyetoka Kimamba, Rudewa, Zombo au Ulaya (ndiyo, Kilosa tuna kata inaitwa Ulaya, kwa hiyo wengine tumefika Ulaya bila viza), shule ya sekondari ulikuwa unaenda kwa miguu. Jumamosi ulikuwa shamba. Leo unatoka hosteli unaingia darasani, darasani unaingia maktaba, maktaba unarudi kitandani na simu. Bumu likitoka, hata umbali wa kutupa jiwe ni bajaji. Chakula ni chipsi mayai na soda. Wewe ndiye yule mhamiaji wa kwenye utafiti, tofauti ni kwamba wewe hakuna anayekupima.

Na taifa zima linahama hivyo hivyo, hata lisipohama. Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Walikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri wa waliopimwa na namna ya kuwapata havikuwa sawa, kwa hiyo usizitoe namba hizo moja kwa nyingine kama hesabu ya duka. Ila mwelekeo unaonekana hata kwa jicho bovu.

Kutembea si umaskini

Nyumbani kwetu kuna miwa. Upande wa Ruhembe na Kidodi, ukiingia msimu wa kuvuna, watu wanakata miwa juani tangu alfajiri, na wapo wanaoamini kwamba kisukari kinaletwa na kuila hiyo sukari. Kama ingekuwa hivyo moja kwa moja, mkata miwa anayetafuna muwa kutwa angekuwa wa kwanza kuugua. Sukari nyingi kwenye vinywaji inachangia, ndiyo, hasa kwa kuongeza uzito. Lakini kazi ya mwili inayotumia nishati ile ndiyo upande wa pili wa mizani, na upande huo ndio tunaouondoa kimya kimya.

Tunauondoa vipi? Kwa bodaboda, kwa sehemu. Sina ugomvi na bodaboda. Imeokoa wajawazito wengi usiku, na ni ajira ya rafiki zangu. Lakini mzee ambaye zamani alikuwa anatembea dakika 20 kwenda sokoni, leo anapelekwa na kurudishwa. Kwa macho ya mtaa hiyo ni heshima: watoto wake wanamtunza. Anayetembea anaonekana hana nauli. Kijana akipata kazi, kitambi kikitokeza, tunasema “mambo yamekubali.” Akija likizo bila kitambi wanauliza kama mjini kugumu.

Sisi wasomi ndio tunaouza picha hiyo. Tunashuka stesheni ya Kilosa kutoka kwenye treni ya umeme, na kabla mguu haujagusa ardhi tumeshaita pikipiki ya kutupeleka mtaa wa pili. Mdogo wako anaona, anaandika kichwani: kusoma ni kuacha kutumia miguu. Halafu tunashangaa mama mwenye kisukari akikataa ushauri wa kutembea. Kwake yeye kuambiwa atembee ni kama kuambiwa arudi kwenye shida alizozikimbia. Kabla ya kumpa ushauri wa afya, inabidi tumrudishie kutembea heshima yake.

Ushauri uendane na mahali

Jambo lingine: mabango ya afya yanaonyesha dada amevaa viatu vya bei mbaya akikimbia alfajiri kwenye barabara safi. Mlete huyo dada Mikumi. Barabara yetu ni ile kuu ya kwenda Iringa na Zambia, malori yanapita usiku na mchana. Mji umepakana na Hifadhi ya Taifa, na tembo hawajui mipaka ya halmashauri. Kumwambia mtu wa Mikumi akimbie peke yake saa kumi na moja alfajiri ni kumtafutia ajali nyingine. Kilosa mjini nako mchana joto halina huruma, na mvua zikikolea Mto Mkondoa unatukumbusha nani mwenye mji.

Na mama wa miaka 60 akivaa suruali ya michezo akaanza kukimbia mtaani, watoto watamfuata wakipiga makofi. Huo ndio ukweli. Ushauri usiojua ukweli huo unakufa mlangoni mwa kliniki.

Unaofaa upo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani. Gawanya: ni kama dakika 20 na kitu kwa siku. Tena huhitaji kuzimaliza kwa mkupuo. Watafiti wa Dunedin, New Zealand, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa 41 wa kisukari aina ya pili. Kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula vizuri zaidi, kwa asilimia 12, kuliko kutembea dakika 30 mara moja kwa siku. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi baada ya mlo wa jioni, mlo ambao kwa Waswahili ndio wenye ugali wa kilima na kufuatiwa na kulala.

Dakika 10 baada ya kula zinawezekana popote. Zunguka nyumba. Msindikize mgeni mpaka njia panda, maana kusindikiza ni mila yetu na hakuna atakayekucheka. Mpeleke mjukuu dukani badala ya kumtuma. Nenda msikitini au kwenye jumuiya kwa miguu. Palilia bustani ya mchicha. Ngoma ya harusi ikipigwa, usikae kwenye kiti cha plastiki kama mgeni rasmi. Sisi nyumbani tulichokubaliana na mama mkubwa ni kwamba baada ya chakula cha jioni haendi kulala; anamsindikiza binti yake anayekaa mtaa wa pili, kisha anarudi na mjukuu mkubwa, na wakirudi ndipo kidonge kinamezwa mbele ya mtu. Sitasema kumbukumbu imerudi yote. Nasema kidonge kinamezwa mara moja, na sukari yake kwenye daftari la kliniki imetulia kuliko mwaka juzi.

Tahadhari ambazo hazina mjadala

Kabla hujamburuta baba yako uwanjani, soma hapa vizuri. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye kisukari aina ya kwanza hana insulini ya kutosha mwilini. Akiacha sindano kwa sababu “ameanza jogingi,” anaweza kufa ndani ya siku chache. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye, hata usiku akiwa amelala. Apime kama ana kipimo. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza. Atembee na pipi, glukosi au juisi mfukoni, na asiwe peke yake. Mwenye ganzi miguuni avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo kila akirudi. Kandambili si viatu vya mazoezi. Mwenye matatizo ya moyo au macho yaliyoharibiwa na kisukari azungumze na daktari kwanza. Na akisikia maumivu ya kifua, asimame.

Tunachotakiwa kufanya hapa chuoni

Nimalizie kwetu, maana ni rahisi kuhubiria vijiji ukiwa umekaa.

Kwanza, michezo hapa chuoni ni ya wenye vipaji. Ukishashindwa kuingia timu ya chuo, kazi yako ni kushangilia. Serikali ya wanafunzi itumie sehemu ya fungu la michezo kwa wasio na kipaji: matembezi ya jioni ya pamoja, yenye taa na usalama, ili dada zetu watembee bila kupigiwa miluzi. Hilo halihitaji mfadhili.

Pili, tuna wenzetu wenye kisukari aina ya kwanza humu humu mabwenini. Wengine wanajificha kuchoma insulini chooni kwa kuogopa kuitwa mateja. Wengine hawashiriki michezo kabisa kwa sababu hakuna anayejua afanye nini wakizidiwa. Kila kiongozi wa bweni na kila nahodha afundishwe dalili za sukari kushuka na cha kufanya: kama anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja, kama amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na kwenye chumba cha mtihani, mwenye kisukari aruhusiwe kuingia na kipimo chake na pipi zake bila kuonekana anaingiza vibuti. Sukari ikishuka katikati ya UE, kinachofeli ni ubongo uliokosa chakula, lakini kwenye matokeo itaandikwa jina lake.

Tatu, wanaokwenda fildi kwenye hospitali na vituo vya afya, vikiwemo vya Kilosa, waulize swali moja la ziada kwenye kliniki ya sukari: “Mzee, siku hizi kusahau kukoje?” Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Likijibiwa vibaya, mwanafamilia aitwe, dawa zipangwe kwa namna rahisi zaidi, na kutembea kuandikwe kwenye daftari kama inavyoandikwa metformini: kiasi gani, mara ngapi, baada ya chakula gani. Ushauri wa “fanya mazoezi, mama” unasahaulika kabla hajafika getini. Maandishi yanafika nyumbani.

Nne, likizo inakuja. Ukifika kwenu, shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, tembea, wasalimie watu njiani. Jioni chukua daftari la kliniki la mzee wako, lisome, umuulize dawa zake anazikumbuka vipi. Mkishakula, mwambie mtoke kidogo mkanyooshe miguu. Akikuuliza kama mjini mmeishiwa nauli, mjibu kwamba huko chuo ndiko ulikofundishwa.